Unga chini ya gunia: dumuzi au fukusi?

Ukikuta unga chini ya gunia la mahindi, usikimbilie duka la pembejeo kabla ya kumjua mdudu. Chota kilo moja kutoka katikati na chini ya gunia, chekecha juu ya karatasi nyeupe, uwatazame wadudu juani.

Fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka na madoa manne mekundu-kahawia mgongoni. Dumuzi ni mnene wa duara kama kipande cha penseli, milimita 3 hadi 4.5. Ukimtazama kwa juu huoni kichwa, kimeinamia chini, na sehemu ya nyuma imekatika wima. Unga mwingi kupita kiasi ni kazi yake. Mdudu bapa, mwekundu-kahawia, mwenye mbio, mara nyingi hula punje zilizokwisha kuharibiwa, kwa hiyo si yeye wa kuanza naye.

Dumuzi, mwenye asili ya Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sengerema na Ukerewe wengi hukagua mahindi na kusahau makopa ya muhogo. Dumuzi huyala vilevile, tena hutoboa miti ya kihenge na kubaki humo. Makopa yatengwe na mahindi, mabaki ya msimu uliopita yachomwe, na miti iliyotobolewa ibadilishwe kabla ya mavuno mapya kuingia.

Kausha mahindi hadi unyevu wa asilimia 13. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Lakini ukavu peke yake haumzuii dumuzi, maana huishi hata kwenye punje zenye unyevu wa asilimia 9. Pukuchua: kwenye gunzi punje zimeshikana, naye hupata pa kujikita anapotoboa, punje zilizolegea humpa shida.

Dawa ya unga iwe na viambato viwili, pirimifosi-methili kwa fukusi na pemethrini kwa dumuzi. Kiambato kimoja humwacha mmoja wao hai, ndiyo maana wengine hudhani wameuziwa dawa feki. Kipimo cha kawaida ni gramu 100 kwa kilo 100, ila lebo ndiyo ifuatwe. Mwaga mahindi kwenye turubai, geuza kwa koleo mpaka dawa ienee. Kunyunyiza juu ya gunia tu ni hasara.

Dawa hiyo isiwekwe kwenye dagaa. Mdudu wa dagaa ni mwingine, mwenye viluwiluwi vya manyoya, na huanza pale dagaa wanapoanikwa nusunusu.