Kusawazisha kalenda ya Palm na kompyuta ya mezani bila kupoteza miadi

Palm, kompyuta ndogo ya mkononi ya kuwekea miadi, na programu yake ya kwenye kompyuta ya mezani huwasiliana kwa utaratibu unaoitwa HotSync, ambao ukiachwa ufanye kazi yake ni wa kuaminika sana. Miadi ikipotea, mara nyingi ni kwa sababu mtu amebonyeza kitufe kabla ya kujiuliza ni kalenda ipi, ya mkononi au ya mezani, iliyo sahihi siku hiyo. Mwongozo huu unawahusu wale ambao bado wanatumia Palm jijini Dar es Salaam, wawe wameirithi ofisini au wameinunua mtumba, pamoja na wale wanaotaka kuitoa humo kalenda yao ya miaka mingi na kuihamishia kwenye programu za sasa. Kampuni ya Palm ilinunuliwa na HP mwaka 2010 na vifaa hivi havitengenezwi tena, kwa hiyo mwenye diski ya programu na kebo ya asili avitunze vyote viwili.

Jambo la kwanza ni chaji. Palm nyingi za zamani huweka kila kitu kwenye kumbukumbu inayofutika betri ikiisha kabisa, na ndiyo maana kifaa kilichokaa kwenye droo kwa miezi kadhaa huwaka kikiwa kitupu na kuanza kuuliza tarehe upya. Matoleo ya baadaye, kama Tungsten T5 ya mwaka 2004 na TX ya mwaka 2005, hubaki na data hata betri ikiisha, lakini hata hayo si vizuri kuyasawazisha yakiwa na chaji ndogo. Kwa upande wa kompyuta, tumia ya mapakato au iliyounganishwa na UPS (betri ya akiba), kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi upande mmoja unaweza kubaki na mabadiliko ambayo mwingine haujayapata.

Kisha kagua saa za pande zote mbili. Katika orodha ya majira ya saa ya Windows hutaiona Dar es Salaam. Chagua Nairobi, yenye saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC), ambayo ndiyo yetu pia na haibadiliki mwaka mzima. Kwenye Linux jiji letu limeandikwa kwa jina lake. Kosa la majira ya saa halionekani mara moja, kwa sababu kalenda ya zamani ya Palm huandika saa kama ulivyoiingiza bila kujali uko wapi, ilhali Outlook, programu ya Microsoft ya barua pepe na kalenda, huihusisha kila miadi na majira ya kompyuta. Baada ya hapo, iweke Palm ionyeshe saa kwa mfumo wa saa ishirini na nne. Kikao cha saa nne asubuhi kiandikwe 10:00 na chakula cha saa mbili usiku kiandikwe 20:00. Ofisi ambayo mmoja huandika saa kama anavyoitamka na mwingine huandika kama ilivyo kwenye skrini itasawazisha vizuri kabisa, na bado mtu atapigiwa kengele alfajiri kwa ajili ya kikao cha saa nne.

Kabla ya kuunganisha chochote, chukua nakala. Programu ya Palm Desktop hutengeneza folda kwa ajili ya kila mtumiaji, yenye jina lililofupishwa kutokana na jina lake, na ndani yake, katika matoleo ya 4, kuna folda ya kalenda yenye faili inayoitwa datebook.dat. Usijisumbue kuchambua ipi ni ipi: funga programu, nakili folda nzima ya mtumiaji kwenye flashi na uandike tarehe kwenye jina lake. Dakika hizo chache ndizo zitakazokuokoa ukikosea mwelekeo, jambo ambalo ndilo kiini cha kazi yote.

Mwelekeo huchaguliwa hivi. Chini kulia mwa skrini ya Windows kuna alama ya mishale miwili, mwekundu na wa buluu. Ibofye, ingia palipoandikwa "Custom", kisha chagua kalenda na ubofye "Change". Utaona chaguo nne. La kwanza husawazisha pande zote mbili, kila upande ukipokea mabadiliko ya mwenzake. La pili huifanya kompyuta ifute kilichomo kwenye Palm na kuweka cha kwake, la tatu hufanya kinyume chake, na la nne haligusi kalenda kabisa. Kwa siku za kawaida la kwanza linatosha. Ikiwa Palm imerudi tupu baada ya betri kuisha, chagua la pili. Ikiwa kompyuta imebadilishwa au programu imesakinishwa upya na kalenda nzima iko mkononi, chagua la tatu. Hapohapo kuna kisanduku cha kulifanya chaguo lako kuwa la kudumu. Usikiwekee alama kwa chaguo la pili wala la tatu, maana bila alama hiyo agizo hutumika mara moja tu, lakini ukiiweka, kila utakapobonyeza kitufe utafuta kazi ya upande mmoja bila kuulizwa.

Sasa iweke Palm kwenye kiweko chake au uichomeke kebo, kisha ubonyeze kitufe cha HotSync. Mara ya kwanza kompyuta itauliza jina la mtumiaji. Kama kifaa kilifutika, chagua jina lilelile la zamani na usitunge jipya, la sivyo itafunguliwa folda mpya isiyo na kitu na utadhani kalenda imepotea. Ofisi yenye Palm mbili isizipe jina moja hata kama zinatumiwa na idara moja.

Usawazishaji wa kawaida hauchukui muda, kwa kuwa kifaa hutuma tu miadi iliyowekewa alama ya kubadilika tangu mara ya mwisho. Ukisawazisha na kompyuta nyingine, kwa mfano ya nyumbani baada ya ya ofisini, alama hizo haziaminiki tena, hivyo kila miadi hulinganishwa moja baada ya nyingine na kazi huchelewa. Usichomoe kebo kwa kudhani imekwama.

Tuseme meneja na katibu muhtasi wake wana kikao na wakala wa forodha, Posta, Jumanne saa 10:00. Katibu anakisogeza hadi 11:00 kwenye kompyuta. Meneja, akiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni, anakisogeza hadi 14:00 kwenye Palm. Wakisawazisha, HotSync haitaamua nani mkubwa. Itaacha miadi yote miwili, wa 11:00 na wa 14:00, pande zote mbili, na kuandika kwenye kumbukumbu zake za kazi (log) kwamba kulikuwa na mgongano. Wengi hukasirikia nakala hizo, ingawa kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara, kwa sababu programu haiwezi kujua ni nani aliyezungumza na wakala mwisho. Soma kumbukumbu hizo kila unapoambiwa zina ujumbe, futa miadi usiofaa upande mmoja tu, kisha sawazisha tena.

Wanaotumia Outlook badala ya Palm Desktop huchagua hivyo wakati wa kusakinisha. Kwa kawaida kinachosawazishwa ni kalenda kuu ya Outlook. Kalenda za ziada ulizojitengenezea hazitafika mkononi. Miadi inayojirudia nayo inahitaji uangalifu. Sikukuu ya Muungano ya tarehe 26 Aprili unaweza kuirudisha kila mwaka bila wasiwasi, lakini Idd iandike mwaka kwa mwaka, kwani kila mwaka huwahi kwa takriban siku kumi na moja na husubiri mwezi kuandama. Kumbuka pia kwamba kalenda ya Palm haivuki mwaka 2031.

Linabaki tatizo la kompyuta za sasa. Palm haikutoa draiva ya USB (programu ya kuiwezesha kompyuta kukitambua kifaa) kwa Windows ya biti 64, hivyo kununua kebo nyingine Kariakoo hakutasaidia. Kama Palm yako ina Bluetooth, sawazisha kwa njia hiyo; kama haina, tafuta kompyuta ya zamani ya biti 32 au tumia Linux yenye programu ya bure ya J-Pilot. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipendekeza kwa anayetaka kuhama, kwa sababu inaweza kuitoa kalenda yote kama faili moja ya iCalendar inayosomwa na Google Calendar, Thunderbird na Outlook.

Usiiingize faili hiyo moja kwa moja kwenye kalenda unayoitumia kila siku. Fungua kalenda mpya tupu, iingize humo, kisha linganisha miadi michache na iliyomo kwenye skrini ya Palm: mmoja wa zamani, mmoja unaojirudia na mmoja wa siku nzima. Ukikuta kila kitu kimesogea mbele saa tatu kamili, maana yake faili imesomwa kwa saa ya dunia. Futa kalenda hiyo nzima, rekebisha majira ya saa, kisha iingize upya.