Bustani ya Mboga Nairobi: Kupanga Mwaka kwa Kufuata Mvua

Anayefungua pakiti ya mbegu kutoka ng'ambo na kusoma kwamba karoti hupandwa theluji ikishayeyuka, hali yeye yuko Kasarani au Lang'ata, hana budi kuyaweka kando maelekezo hayo. Nairobi iko digrii moja na ushei kusini mwa ikweta, kwenye kimo cha karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na urefu wa mchana wake haubadiliki sana mwaka mzima. Kinachoamua mboga ipi ipandwe lini ni maji na baridi ya usiku. Januari na Februari huwa na joto kavu, mvua ndefu hunyesha kati ya Machi na Mei, baridi hutawala Juni hadi Agosti, na mvua fupi huja Oktoba hadi Desemba, baada ya Septemba yenye jua na vumbi.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kungoja mvua inyeshe ndipo kitalu kianzishwe. Mche wa sukuma wiki huhitaji takriban mwezi mmoja kitaluni, kwa hiyo anayemwaga mbegu mwanzoni mwa Aprili atapandikiza Mei, mvua ikiwa inaaga, na huenda mbegu zenyewe zikasombwa na maji kabla ya kuota. Hesabu kwa kurudi nyuma: ukitarajia mvua ndefu katika nusu ya pili ya Machi, kitalu kiwe tayari katikati ya Februari, kwa mvua fupi, kianze katikati ya Septemba.

Kitalu cha familia kinaenea katika beseni kuukuu lililotobolewa chini. Changanya udongo, samadi iliyooza kabisa na mchanga kidogo, chora mistari yenye kina cha sentimita moja, tia mbegu, funika, kisha tandaza nyasi kavu juu. Nyasi hizo ziondolewe mara tu miche inapochungulia, la sivyo itarefuka na kulegea kwa kutafuta mwanga. Katika wiki ya mwisho punguza maji na kivuli ili miche ikomae, halafu uipandikize jioni, ikiwa na majani manne au matano, ukiacha kati ya sukuma wiki sentimita 45 hadi 60. Umbali huo huonekana kama ubadhirifu wakati miche ni midogo, nami niliwahi kuubana hadi sentimita 20. Nilivuna majani ya ukubwa wa kiganja cha mtoto na vidukari wasiohesabika. Karoti, dania, terere na kunde hazipitii kitalu, bali hupandwa moja kwa moja pale zitakapokulia.

Kabla ya hayo yote, jua udongo wako. Upande wa Dagoretti, Westlands na maeneo yanayoelekea Kiambu udongo ni mwekundu, unapitisha maji vizuri na unachohitaji hasa ni samadi. Upande wa Embakasi na maeneo mengine ya mashariki na kusini mwa jiji kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kushikilia maji wakati wa mvua mpaka mizizi ioze. Huko inua matuta angalau sentimita 20 kutoka ardhini, uchanganye samadi kwa wingi, na usiulime ukiwa umelowa.

Asiye na kiwanja atumie gunia. Weka katikati ya gunia kopo la kilo mbili lililokatwa pande zote mbili, lijaze kokoto, kisha jaza udongo wenye samadi kulizunguka hadi usawa wake. Livute kopo juu, kokoto zibaki chini, ulijaze tena, na uendelee hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayofikisha maji hadi chini. Bila hiyo, miche iliyopandwa kwenye matundu ya ubavuni hukauka huku ile ya juu ikizama.

Mvua ndefu ni wakati wa mboga za majani: sukuma wiki, spinachi, managu, terere na kunde. Terere huanza kuvunwa baada ya wiki tatu au nne, kwa hiyo mwaga mbegu kidogo kila baada ya wiki mbili badala ya kumaliza pakiti kwa siku moja. Juni inapoingia, terere na kunde hudorora kwa sababu hupenda joto. Miezi hiyo ya mawingu waachie karoti, bitiruti, kabichi, dania na spinachi, ambazo hustahimili ubaridi, mradi umwagilie asubuhi ili majani yasilale yamelowa.

Nyanya zataka hesabu ya pekee. Ugonjwa wa ukungu, ambao wakulima wengi huuita baridi tu, huenea majani yanapokaa na unyevu katika hali ya ubaridi, na huweza kumaliza mistari yote kwa siku chache. Kwa bustani isiyopigwa dawa, ningesia mbegu mwishoni mwa Oktoba, mahali pasipofikiwa na mvua, na kupandikiza mwishoni mwa Novemba, ili matunda yaive katika jua la Februari. Funga kila mche kwenye mti, ung'oe majani yanayogusa udongo.

Hapo ndipo maji yanapokuwa ghali. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 40 za mraba likipata milimita 20 hupokea lita 800, ingawa sehemu hupotea njiani. Tangi lijazwe Desemba, matandazo ya nyasi yafunike matuta, na maji yaliyosuuza mboga yapelekwe kwenye gunia. Februari ikifika katikati, ardhi ikiwa bado ni vumbi, lile beseni lililotobolewa lioshwe na kujazwa udongo mpya kwa kitalu cha sukuma wiki.