SOMO: Pato la Taifa linavyokokotolewa, kutoka gunia la alizeti hadi asilimia ya ukuaji

Kila Juni, kabla Bunge halijasomewa bajeti, husomewa kwanza hali ya uchumi, na jioni redio zote zinatangaza kwamba uchumi umekua kwa asilimia kadhaa. Somo hili linaonesha asilimia hiyo inapatikanaje, kwa hesabu unayoweza kuifanya kwa kalamu na karatasi moja. Tutatumia mnyororo mmoja wa alizeti ya Singida. Bei ni za mfano, lakini kanuni ndizo wanazotumia Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) Dodoma na ofisi za takwimu za Kenya (KNBS, Nairobi) na Uganda (UBOS, Kampala), maana wote wanafuata Mfumo wa Hesabu za Taifa wa Umoja wa Mataifa, toleo la 2008.

Hatua ya 1: Weka mipaka

Pato la Taifa, yaani GDP, ni thamani ya kilichozalishwa ndani ya mipaka ya nchi katika kipindi fulani, awe mwenye mali ni mzawa au mgeni. Kwa hiyo kabla ya kugusa namba, soma kichwa cha jedwali. Ni Tanzania, Tanzania Bara au Zanzibar? Zanzibar ina hesabu yake, inayotolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Na ni mwaka upi? Tanzania na Kenya hutoa kwa mwaka wa kalenda, Uganda kwa mwaka wa fedha, Julai hadi Juni. Ukiweka Kenya ya 2023 kando ya Uganda ya 2023/24, miezi inayofanana ni sita tu.

Halafu nini kinaingia na nini hakiingii. Mahindi uliyolima ukala mwenyewe yanaingia, kwa bei ya shambani. Nyumba yako unayoishi inawekewa kodi ya pango ya kukisia, kana kwamba umejipangisha. Mpishi wa kuajiriwa anaingia. Mama anayepika nyumbani kwake haingii. Ugomvi huu ni wa zamani: miaka ya 1940 mwanauchumi Mwingereza Phyllis Deane, alipokuwa akikokotoa mapato ya Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland (leo Zambia na Malawi), alipinga kuziacha nje kazi za wanawake kama kuokota kuni na kupika. Kwa kanuni za leo kuni na maji ya kuchota vimo. Kupika bado kuko nje.

Hatua ya 2: Jumlisha thamani iliyoongezwa, usijumlishe mauzo

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende polepole.

Mkulima ananunua mbegu chotara kutoka nje ya nchi kwa shilingi 100,000. Anavuna kilo 900 na kuziuza kwa 1,000 kila kilo, jumla 900,000. Thamani aliyoongeza ni 900,000 kutoa 100,000, yaani 800,000.

Mwenye kinu anainunua alizeti yote kwa 900,000, anakamua lita 260 za mafuta na kubaki na mashudu. Mafuta anamuuzia mwenye duka kwa 1,150,000. Mashudu anauza Kenya kwa ajili ya mifugo, 250,000. Mauzo yake ni 1,400,000, na thamani aliyoongeza ni 500,000. (Tumeacha umeme na vidumu ili hesabu isijae. Kwenye kazi halisi navyo vinatolewa.)

Mwenye duka anauza kwa walaji lita zote 260 kwa 5,000 kila lita, sawa na 1,300,000. Ukitoa manunuzi ya 1,150,000, ameongeza 150,000.

Jumla: 800,000 + 500,000 + 150,000 = 1,450,000. Huo ndio mchango wa mnyororo huu katika Pato la Taifa. Sasa jumlisha mauzo uone: 900,000 + 1,400,000 + 1,300,000 = 3,600,000. Umekosea kwa karibu mara mbili na nusu, kwa sababu alizeti ile ile umeihesabu shambani, ukaihesabu tena kinuni, ukaihesabu tena dukani. Kila mkono unaopokezana bidhaa unaongeza kosa.

Angalia pia kwamba bidhaa haina cheo cha kudumu. Lita ikinunuliwa na familia ni matumizi ya mwisho. Lita hiyo hiyo ikinunuliwa na mamantilie wa kukaanga chipsi ni matumizi ya kati, inatolewa kwenye mauzo yake ya chipsi.

Hatua ya 3: Pima kwa njia mbili nyingine

Kwa njia ya matumizi: walaji wametumia 1,300,000, mauzo ya nje ni 250,000, toa bidhaa kutoka nje 100,000. Jibu: 1,450,000. Uagizaji hautolewi kwa sababu ni kitu kibaya, kama wanavyodhani baadhi ya wachambuzi. Unatolewa kwa sababu ile mbegu tayari imejificha ndani ya bei ya mafuta na mashudu, na haikuzalishwa hapa.

Kwa njia ya kipato: tuseme mkulima alilipa vibarua 200,000 na mwenye kinu akalipa mishahara 180,000. Ujira ni 380,000. Kilichobaki, 600,000 kwa mkulima, 320,000 kwa kinu na 150,000 kwa duka, ni faida na kipato cha waliojiajiri: 1,070,000. Ukijumlisha na ujira, 1,450,000 tena.

Kwenye karatasi yetu zinalingana. Ofisini hazilingani kamwe, kwa kuwa kila njia ina vyanzo vyake: tafiti za viwanda, rekodi za forodha, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya. Ndiyo maana majedwali huwa na mstari wa “tofauti ya kitakwimu”. Mstari huo ukiwa mdogo na unapanda na kushuka, sawa. Ukikua upande mmoja mwaka hadi mwaka, kuna sekta inayokosewa.

Huduma za Serikali ni suala la pembeni kidogo: shule ya umma haiuzi elimu, basi huduma yake hupimwa kwa gharama, hasa mishahara ya walimu.

Hatua ya 4: Ondoa bei

Mwaka wa pili duka linauza lita 270, kwa 5,500. Mauzo ni 1,485,000. Kwa bei za mwaka husika, ongezeko ni asilimia 14.2. Mwanasiasa angeishia hapo.

Sasa pima lita za mwaka wa pili kwa bei ya mwaka wa kwanza: 270 × 5,000 = 1,350,000. Ukuaji halisi ni asilimia 3.8. Gawanya 1,485,000 kwa 1,350,000 upate 1.10, yaani bei zimepanda asilimia 10. Kosa la kawaida ni kutoa: 14.2 kutoa 10 ni 4.2, si 3.8. Gawanya, 1.142 kwa 1.10. Bei zikipanda kidogo tofauti haionekani, zikipanda sana inakuumbua.

Mwaka ambao bei zake zinatumika kama kipimo ndio mwaka wa kizio. Kwa Tanzania ulikuwa 2001, ukawa 2007, kisha 2015.

Usichanganye kipimo hiki cha bei na mfumuko wa bei unaotangazwa kila mwezi. Ule unafuata kikapu cha mlaji, pamoja na vitu vya kutoka nje kama petroli. Huu unafuata kilichozalishwa nchini, ikiwemo dhahabu ambayo hakuna anayeila. Dhahabu ikipanda duniani, huu unaruka na ule unabaki palepale.

Kwa takwimu za robo mwaka, linganisha robo ya pili na robo ya pili ya mwaka uliopita. Ukilinganisha na robo iliyotangulia, utakuwa unapima msimu wa mavuno. Marekani hutangaza robo dhidi ya robo iliyotangulia, lakini huondoa kwanza athari za msimu, kisha hukuza mabadiliko kana kwamba ni ya mwaka mzima. Namba yao na yetu hazikai kwenye jedwali moja.

Hatua ya 5: Gawanya kwa watu

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 Tanzania, ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ongezeko ni wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Uchumi ukikua kwa asilimia 5, kwa kila mtu ni 1.05 ÷ 1.032, kama asilimia 1.7 tu. Ukitaka kujua itachukua muda gani kipato hicho kuongezeka maradufu, gawanya 70 kwa 1.7: miaka 41.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa darasa. Bodaboda na mamantilie hawatoi risiti. Wanahesabiwaje?

Jibu: Hawahesabiwi mmoja mmoja. Utafiti wa nguvu kazi unaonesha ni wangapi wanafanya kazi hiyo, na utafiti mwingine wa sampuli unaonesha mmoja anaongeza thamani kiasi gani. Unazidisha. Tatizo ni kwamba kipimo hicho hupigwa sawasawa mwaka wa kizio, kisha husogezwa mbele kwa viashiria kama ongezeko la watu. Mwaka wa kizio ukizeeka, sekta mpya hazionekani. Nigeria ilikaa na bei za 1990 hadi Aprili 2014. Ilipohamia 2010, pato la 2013 liliongezeka kwa karibu asilimia 89, maana simu na filamu zilikuwa hazijapata nafasi yake. Ghana iliongeza kama asilimia 60 mwaka 2010, Kenya kama 25 mwaka 2014. Hakuna aliyetajirika usiku huo. Kwa hiyo usichore mstari mmoja wa kabla na baada ya kubadili kizio. Tafuta takwimu zilizorekebishwa kurudi nyuma.

Swali: Shikamoo mwalimu. Ndugu zetu walioko Oman wanatuma pesa kila mwezi. Zimo?

Jibu: Marahaba. Pesa yenyewe haimo kwenye GDP. Aliyekaa huko mwaka mmoja au zaidi ni mkazi wa Oman kwa hesabu hizi, kwa hiyo anachotuma ni uhamisho, hakiingii hata kwenye GNI, ambayo ni kipato cha wakazi wa nchi popote kinapotoka. Aliyekwenda kwa miezi michache akarudi, ujira wake unaingia GNI. Lakini mama akiitumia kumlipa fundi na kununua saruji ya hapa, ujenzi huo umo kwenye GDP. Kinyume chake ni faida ya mgodi inayokwenda kwa wenye hisa nje: imo GDP, haimo GNI. Benki ya Dunia hutumia GNI kupanga madaraja. Julai 2020 Tanzania ilipanda kutoka daraja la kipato cha chini kwenda kipato cha kati cha chini, GNI yake ikiwa dola 1,080 kwa kila mtu na kizingiti 1,036.

Swali: Nimenunua gari la mtumba na kiwanja. Nimechangia pato?

Jibu: Kiwanja hapana, ardhi haikuzalishwa. Kamisheni ya dalali na ada ya mwanasheria ndiyo. Gari lililokuwa tayari nchini, ni kamisheni tu. Lililoshuka bandarini kutoka Japani linaingia kwenye matumizi na kutolewa kwenye uagizaji, kwa hiyo vinafutana. Kinachobaki ni huduma ya bandari, faida ya muuzaji na ushuru.

Swali: Uchumi unakua, mbona mfukoni hamna kitu?

Jibu: Mbali na mgawanyo wa Hatua ya 5, tazama nani yuko wapi. Kilimo Tanzania ni karibu robo ya pato na kina zaidi ya nusu ya wenye kazi. Hata tukisema ni nusu kamili, mtu mmoja nje ya kilimo anazalisha mara tatu ya mkulima. Madini na ujenzi vikipaa, wastani unapanda na mkulima yuko palepale. Kwa swali lako GDP si chombo sahihi. Tumia utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, kama ule wa 2017/18.

Swali: Naandika tasnifu. Deni kwa asilimia ya pato linanitokea tofauti na la Wizara ya Fedha, kosa langu liko wapi?

Jibu: Uwezekano mkubwa umegawanya deni la mwisho wa Juni kwa pato la mwaka wa kalenda. Chukua robo nne, Julai hadi Juni, zijumlishe. Usipokuwa nazo, wastani wa miaka miwili ya kalenda unatosha. Tumia pato kwa bei za mwaka husika, si za 2015, kwa sababu deni lenyewe liko kwa shilingi za leo. Sehemu ya dola ibadilishe kwa kiwango cha tarehe 30 Juni, siyo wastani wa mwaka. Kama bado inatofautiana, angalia kama umechanganya deni la Serikali na deni la Taifa: hili la pili lina pia madeni ya nje ya sekta binafsi.