Lori ikikufia usiku Sachangwan ama Timboroa, barabara ya Nakuru–Eldoret, ita brekdauni (gari ya kuvuta) hivi

Kabla hata utoe simu, weka laifseva, zile pembetatu za kuonya. Hapo Sachangwan trela zinashuka na mzigo na kuna madereva wanaweka free (wanatoa gia) ati waokoe dizeli, kwa hivyo moja weka karibu na lori, na ingine mbali kabisa, kabla ya kona, si baada. Matawi pia sawa, lakini mkitoka myatoe, na yale mawe mnaachanga kwa lami ndio yanaangusha watu wa bodaboda.

Ukipiga simu usiseme tu "lori imeharibika". Sema ni trela ama tenwila (ya magurudumu kumi), mzigo ni tani ngapi, iko kwa lami ama imeingia mtaro, na kama magurudumu yanazunguka. Ya mtaro ndio inapandisha bei, kwa sababu hapo inatakikana winchi, pengine kreni, na ukificha watakuja na gari ndogo ishindwe, na fueli yao utalipa tu. Tuma lokesheni kwa WhatsApp na useme uko upande wa kupanda ama kushuka. Kama umekwama ndani ndani huko kwa miwa ya Mumias, waambie vile barabara iko baada ya mvua.

Bei muelewane kabla cheni ifungwe: mpaka wapi, kurudi kwao nani analipa, na lori ikilala kwa yadi yao ni ngapi kwa siku. Iandikwe kwa WhatsApp. Mtu wa "tutaongea tukifika" mwache aende zake.

Sasa kuvuta. Propela shafti, ile chuma inaunganisha gia boksi na magurudumu ya nyuma, itolewe hata kama wana haraka, juu injini ikiwa imezima gia boksi nyingi hazipati oili vizuri na magurudumu bado yanazizungusha, mkifika Nakuru imeungua. Breki nazo, upepo ukiisha springi zinashika magurudumu zenyewe. Waunganishe paipu ya upepo kutoka kwa brekdauni, ama wafungue springi kwa spana, lakini hiyo ya spana ni baada ya kuweka kabari na kufunga chuma ya kuvuta, kwa sababu hapo lori haina breki hata kidogo.

Mzigo wa kwenda Uganda ukiwa na sili ya KRA (watu wa ushuru), usiiguse na usibadilishe kichwa cha trela kabla mwenye mzigo awajulishe KRA.

Na kama ni tenka ya mafuta imeanguka, anza na polisi, 999 ama 112. Moto wa Sachangwan 2009 uliua zaidi ya watu 100 wakichota mafuta. Brekdauni ingoje, watu wafukuzwe kwanza, na hapo karibu mtu asiwashe hata sigara.