Ukiambiwa ni mapacha, uliza kuhusu kondo

Dada, ukitoka skani na karatasi inayosema ni mapacha, usiikunje kabla hujauliza: kila mtoto ana kondo lake, lile linalomlisha tumboni, au wanagawana moja?

Mimi sikuuliza. Skani yangu ya kwanza niliifanya wiki ya 22, kwenye kliniki ndogo huku Kayole, Nairobi, na aliyenipima akaandika tu kwamba watoto ni wawili na mioyo inapiga. Nilipofika hospitali kubwa, daktari alikizungusha kile kifaa tumboni mpaka jeli ikakauka, akitafuta utando uliowatenganisha. Akaniambia huonekana vizuri zaidi kati ya wiki ya 10 na ya 14. Kwa hiyo nenda mapema, hata kama tumbo halijajitokeza na pesa ni za kubana.

Jibu hilo ndilo litakalopanga safari zako zote za kliniki. Watoto wa kondo moja mishipa yao huungana, na damu ya mmoja inaweza kuhamia kwa mwenzake: anayetoa anakosa maji na kudumaa, anayepokea anajaa mpaka moyo unalemewa. Wewe unaweza usihisi chochote. Ndiyo maana hupigwa skani kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16. Kila mmoja akiwa na kondo lake, kwa kawaida skani ya kila wiki nne hutosha.

Vidonge vya kuongeza damu meza kila siku, hata vikikufungisha choo. Kisha presha. Mapacha huongeza hatari ya kifafa cha mimba, basi siku ya kwanza kliniki muulize daktari kama unafaa kupewa aspirini ya dozi ndogo, ambayo huanzishwa karibu wiki ya 12. Usijinunulie mwenyewe.

Wiki ya 33 pete iligoma kutoka. Usiku nikaamka kichwa kinagonga, naona vimulimuli ukutani, nikadhani ni uchovu wa kufua. Mume wangu alinipeleka duka la dawa linalokesha; mashine ikasoma 162 juu ya 108. Hata 140 juu ya 90 ni ya kukupeleka hospitali siku hiyohiyo. Tulipata teksi saa kumi alfajiri. Ingekuwa asubuhi, msongamano wa Jogoo Road ungetumaliza. Tangu wiki ya 28, tenga nauli ya teksi isiyoguswa hata kwa kodi ya nyumba, pamoja na namba ya dereva anayepokea simu usiku. Maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba, damu, chupa kupasuka, watoto kupunguza kucheza: kwa lolote kati ya hayo, usingoje kupambazuke.

Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Wangu walikuja siku mbili baada ya usiku ule wa teksi, baada ya mimi kuchomwa sindano za kukomaza mapafu yao. Chagua hospitali yenye chumba cha upasuaji, damu ya kuongezewa na nasari ya watoto njiti, maana mji wa mimba uliotanuka sana huchelewa kukaza na mama anaweza kuvuja damu nyingi. Si lazima upasuliwe; wa kwanza akitanguliza kichwa, wengi huzaa kwa njia ya kawaida.

Wangu walikuwa na kilo 1.9 na 1.6. Nesi alitufundisha njia ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu, akae wima kifuani ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha leso imkaze mpaka chini ya sikio. Mimi nilimbeba mmoja, na baba yao akafungua shati akambeba yule mdogo, saa kwa saa, akiinuka tu kwenda msalani.