Jinsi ya kujua kama vumbi na moshi ndo vinaunyima msonobari wako chakula

Watu wengi wakiona msonobari au saipresi ya fensi imeanza kuwa ya njano wanakimbilia mbolea, afu mti hata haubadiliki. Kama uko karibu na barabara ya vumbi au tanuri la matofali anza na majani, maana usanisinuru tuliousoma shule, yaani mti kujitengenezea chakula kwa mwanga, unafanyika humo na ndo wa kwanza kuguswa.

Kata tawi la upande wa barabara na lingine la upande wa pili, kimo kilekile. Linganisha sindano (majani yake membamba) changa za nchani na za zamani zilizo karibu na shina, hizi za zamani zinaweza kuwa zimekaa mtini zaidi ya mwaka kwa hiyo zimekula uchafu wa muda wote huo. Vuta karibu kwa kamera ya simu, utaona vidoto vyeupe vimejipanga mistari, ni stomata hizo, vitundu vya kuingizia kabonidayoksaidi. Bandika seloteipu juu ya sindano, ibandue, iweke kwenye karatasi nyeupe. Ikitoka na vumbi zito, basi vitundu vinazibwa na mwanga nao haufiki vizuri, yaani klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, ipo ila haina cha kufanyia kazi.

Gesi haziachi alama kwenye seloteipu. Salfa dioksaidi ya makaa ya mawe inaingia kwa stomata, inayeyuka kwenye unyevu wa ndani na kuwa tindikali, klorofili inavunjika, ncha zinakauka rangi ya kutu na mpaka wa palipokufa na palipo hai unauona kabisa. Ozoni inakuja na madoa ya njano yasiyo na mipaka, sindano za zamani kwanza. Milima ya San Bernardino, mashariki ya Los Angeles huko Marekani, misonobari ilianza hivyo miaka ya 1950 wakadhani ni ugonjwa, ikaja kuthibitishwa miaka ya 1960 kwamba ni ozoni itokanayo na moshi wa magari ya jiji, na miti iliyodhoofika ikaishiwa utomvu wa kujikinga, wadudu wa magome wakaimaliza.

Ila usisingizie moshi kila kitu! Saipresi ikiwa na weusi kama masizi, ipapase. Ikinata, hao ni vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza mti, na ule weusi ni ukungu unaoota juu ya majimaji yao matamu. Vidukari vya saipresi vilionekana Malawi 1986, Kenya 1990, vikaua miti mingi sana. Sindano za msonobari zikiwa na mikanda myekundu shuku kuvu. Na kama pande zote mbili za mti ziko sawa, kagua udongo, maji na wadudu kwanza.

Ukikuta ni vumbi, osha kwa mpira wa maji asubuhi, presha ndogo, usitumie sabuni maana inatoa nta inayolinda sindano. Weka matandazo, mwagilia shina kiangazi. Ikiwa ni gesi kuosha hakusaidii, chanzo ndo kidhibitiwe, kwa hiyo piga picha matawi ya pande zote mbili, andika tarehe na upepo unatokea wapi, upeleke kwa afisa mazingira wa eneo lako, au taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira, yaani NEMC kwa Tanzania na NEMA kwa Kenya.