Bei za zamani za hisa: jinsi ya kuzisoma bila grafu kukudanganya (mfano Safaricom)

Uliza watu wawili wenye hisa za Safaricom, ile kampuni ya simu ya Kenya, kama zimewalipa, utasikia mambo mawili tofauti kabisa. Mmoja atakwambia alinunua kwa shilingi 5 mwaka 2008 na hadi leo anakula dividendi (sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa), mwingine aliingia 2021 bei ikiwa 40 na kitu na hataki hata kusikia hilo jina. Na wote wanasema ukweli! Kampuni ni ileile, tofauti ni tarehe tu. Kwa hivyo mtu akikuletea grafu usianze na "inapanda au inashuka", anza na "umeanzia wapi na umeishia wapi", manake anayeuza kitu huchagua mwanzo unaomfaa.

Nitatumia Safaricom kwa sababu wengi tunaijua na historia yake ina kila aina ya vituko. Bei zake za kufunga mwaka kwenye soko la Nairobi, yani NSE, baadhi ni hizi (kwa shilingi za Kenya):

2008 (bei ya kuuziwa umma, Juni): 5.00
2011: 2.95
2014: 14.05
2017: 26.75
2019: 31.50
2021: 37.95
2022: 24.15
2023: 13.90
2024: 17.05

Alafu kumbuka hizo ni bei za siku ya mwisho ya mwaka tu. Agosti 2021 ilipita 44, lakini ukiangalia hiyo orodha huoni kitu kama hicho. Ndio maana data ya kila siku ni bora kuliko ya mwaka, na ya mwezi iko hapo katikati.

Data yenyewe unaipata wapi? Soko hutoa orodha ya bei kila siku ya biashara, broka wako (anayekununulia na kukuuzia hisa) anaweza kukutumia, na tovuti kama Investing.com zina historia unayoweza kupakua ukafungua kwa Excel. Utakuta safu za bei ya kufungua, ya juu, ya chini, ya kufunga (ya mwisho ya siku), na idadi ya hisa zilizouzwa. Kwa matumizi ya kawaida shika ya kufunga na idadi, hizo zingine ni za wale wanaonunua asubuhi na kuuza jioni, na kwa soko letu na zile ada za broka sijui hao wanabaki na nini.

Sasa kabla hujapiga hesabu yoyote, angalia kama hisa ziliwahi kugawanywa. Equity Bank 2009 waligawanya, kila hisa moja ikawa kumi. Mwenye hisa 100 akaamka ana 1,000 na bei ikawa sehemu ya kumi ya ilivyokuwa, hajapoteza hata senti. Lakini ukichukua karatasi ya bei ya 2008 ukailinganisha na ya leo bila kurekebisha utadhani benki ilianguka vibaya sana. Dawa ni kugawanya bei zote za kabla ya hiyo tarehe kwa kumi. Tovuti nyingi hukufanyia, ila si zote na si kwa kila soko, kwa hivyo hakikisha. Njia rahisi ya kunusa hii kitu: NSE kwa kawaida hairuhusu bei kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku, basi ukiona kwenye faili yako hisa imeshuka asilimia 80 au 90 usiku mmoja, hapo karibu kila mara ni mgawanyo au ni kosa la data, usianze kulia.

Apple ndio mfano mkali zaidi. Iliuzwa kwa umma 1980 kwa dola 22, lakini ukifungua historia yake leo utaona kama senti 10 hivi. Hakuna aliyekosea, wamegawanya mara tano (2, 2, 2, 7, 4) na ukizidisha hizo unapata 224. Dola 22 gawa kwa 224, ndio hiyo senti 10.

Dividendi ndio sehemu watu huruka, na kwa kampuni kama Safaricom ukiiruka umeacha nusu ya hadithi. Bei kwenye grafu haijumlishi pesa uliyotumiwa kwa M-Pesa au benki. Mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2019 walilipa 1.25 pamoja na nyongeza maalum ya senti 62, jumla 1.87 kwa hisa. Aliyenunua 1,000 kwa shilingi 5,000 mwaka 2008 alipata 1,870 kabla ya ile kodi ya asilimia 5, yani asilimia 37 ya pesa aliyoweka, kwa mwaka mmoja, na hisa bado anazo. Mwenzake aliyenunua karibu 44 mwaka 2021? Dividendi ya mwaka wa fedha uliokwisha Machi mwaka huo ilikuwa 1.37, sawa na asilimia 3 tu ya bei yake. Alafu mwisho wa 2023 bei ikiwa 13.90 na dividendi ya mwaka 1.20, anayenunua siku hiyo anapata zaidi ya asilimia 8. Kwa hivyo tengeneza safu ya pili kwenye Excel, andika dividendi ya kila mwaka (ripoti za mwaka za kampuni zinazo zote, ni bure), na ujumlishe. Kwenye tovuti za kigeni kama Yahoo utaona safu imeandikwa "Adj Close", hiyo ni bei iliyorekebishwa kwa mgawanyo na dividendi pia, nzuri kwa kulinganisha faida, lakini usimwambie mtu ati hiyo ndio bei hisa iliuzwa siku hiyo, sio.

Hesabu ya faida kwa mwaka nayo: kutoka 5 hadi 17.05 ni mara 3.41, watu watasema "asilimia 241!" na inasikika tamu. Lakini ni miaka 16 na nusu. Kwenye Excel andika =(17.05/5)^(1/16.5)-1 utapata kama asilimia 7.7 kwa mwaka, bila dividendi. Bondi za serikali ya Kenya zimelipa zaidi ya asilimia 10 kwa muda mrefu, kwa hiyo bila ile safu ya dividendi huwezi hata kuanza kubishana ni gani ingekuwa bora.

Na kushuka hakufanani na kupanda. Kutoka 44 hadi 13.90 ni hasara ya asilimia 68, sawa. Sasa kurudi kutoka 13.90 hadi 44 unahitaji kupanda asilimia 216. Mtu akikwambia "imeshuka 68, ikipanda 68 tumerudi" mpe kalkuleta.

Mlioko diaspora mnaotuma dola nyumbani kununua hisa, hii ni yenu. Juni 2008 dola ilikuwa shilingi 60 na kidogo, hivyo shilingi 5 ilikuwa kama senti 8 za Marekani. Kilele cha 2021 dola ikiwa karibu 109, hisa ilikuwa kama senti 40. Mwisho wa 2023 dola imefika karibu 157, hisa ya 13.90 ni kama senti 9. Yani kwa shilingi bei ilikuwa karibu mara tatu ya 2008, kwa dola ilikuwa imerudi pale pale ilipoanza, zikabaki dividendi tu. Ongeza safu ya tatu, kiwango cha dola cha siku hiyo, na ugawanye.

Baada ya hesabu ndio uweke matukio pembeni ya tarehe, na hapa chukua muda. Ile 2.95 ya mwisho wa 2011 kwa mfano. Agosti 2010 Zain, kampuni shindani ya simu, walishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, vita vya bei vikaanza, alafu Oktoba 2011 shilingi ikafika 107 kwa dola na Benki Kuu ikapandisha riba hadi asilimia 18 kufikia Desemba. Kampuni yenyewe haikuwa imekufa, M-Pesa ilikuwa inakua tu. Linganisha na 2022 na 2023: riba za Marekani zimepanda, wawekezaji wa nje wanauza, dola hazipatikani Nairobi, na wakati huohuo kampuni inamwaga pesa Ethiopia ambako ilizindua huduma Oktoba 2022. Sababu zingine ni za soko zima na zingine ni za kampuni, na njia ya kuzitenganisha ni kuweka bei za KCB (benki), EABL (watengeneza bia) na indeksi ya NSE (kipimo cha soko kwa jumla) kwa tarehe zilezile. Kama zote zimelala pamoja, shida si ya Safaricom peke yake.

Ukikuta mstari umenyooka kabisa, shtuka. Kenya Airways ilikaa kwenye 3.83 kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025, si utulivu huo, hisa zilisimamishwa, hakuna aliyeweza kuuza. Nyingine kama Limuru Tea haziuzwi mara kwa mara, bei unayoona inaweza kuwa ya siku nyingi zilizopita, ndio maana nilisema shika safu ya idadi. Na zile zilizozama kama Mumias Sugar, iliyosimamishwa 2019, hazipo kwenye orodha za "hisa bora za miaka kumi", kwa hiyo ukiangalia walionusurika tu utaona soko ni zuri kuliko lilivyokuwa.

Matumizi ya kawaida basi: ukitaka kununua angalia bei ya juu na ya chini ya wiki 52, ujue uko wapi, kisha mpe broka oda yenye bei yako badala ya kusema "nunua tu". Historia ya bei haitakwambia kesho itakuwaje.

Matumizi mengine ambayo watu hukumbuka wakiwa wamechelewa ni mirathi. Mzazi aliyenunua 2008 akifariki, familia itahitaji thamani ya hisa kwa ajili ya makaratasi ya mahakama. Tafuta bei ya kufunga ya siku inayohitajika, kama ilikuwa wikendi au sikukuu chukua ya siku ya biashara iliyotangulia, bei halisi na sio ile iliyorekebishwa, zidisha kwa idadi iliyo kwenye taarifa ya akaunti ya CDS (akaunti ambamo hisa zake zimehifadhiwa kielektroniki). Na mkiwa huko ulizeni rejista wa hisa (anayetunza orodha ya wenye hisa wa kampuni) kuhusu dividendi ambazo hazikuchukuliwa, zikikaa miaka hupelekwa UFAA (mamlaka ya serikali ya Kenya inayotunza mali za fedha zisizodaiwa) na kudai kunawezekana, ni makaratasi tu.